Midomo ya Dada

Kitu cha kwanza Dada alichokiona kilikuwa kidogo, cha kumfanya mtu acheke kisha asahau. Jino lilikuwa limemsumbua tangu juzi, shavu limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni, naye akajifunga mtandio kuanzia puani hadi kidevuni ili watoto wasimcheke. Akaketi kwenye kiti chake kifupi, ubavuni mwa mtoto, akafungua kitabu kwenye ukurasa mpya: mbuzi amekula kofia ya mwenye mbuzi. Mtoto hakusoma. Alitazama ukurasa, akamtazama yeye, akatazama ukurasa tena, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta kufuli asiyoijua.

"Dada," akanong'ona, "toa kitambaa. Sioni."

Akakitoa, hata hakujiuliza kwa nini anakitoa. Mtoto akasoma mstari mzima, mbuzi na kofia na mwenye mbuzi, bila kukwama. Macho yake hayakugusa kitabu hata mara moja.

Shule nzima ilimwita Dada, hata walimu waliomzidi mama yake umri. Alikuwa msaidizi katika Chumba cha Kusoma, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu na bado kilinuka vumbi la mbao zilizoliwa na mchwa. Kilikuwa na dirisha moja la wavu, meza ya duara iliyokatwa miguu ili watoto waifikie, na ukuta uliojaa herufi zilizokatwa kwenye maboksi. Humo walifanya kazi watu ambao kazi yao ilikuwa kuwadaka watoto kabla hawajaanguka chini kabisa. Alikuwepo Mwalimu Miwani, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, aliyesomea hasa watoto ambao herufi zinawakimbia. Alikuwepo Mnasihi, mwanamume mnene wa kicheko, aliyeshughulika na wale waliobeba ya nyumbani: waliopigwa, waliofiwa, waliosinzia darasani kwa njaa. Na alikuwepo yeye, ambaye hakusomea chochote.

Alikuja pale kufagia. Mwalimu Miwani alimkuta siku moja amechuchumaa na ufagio mkononi, akimbembeleza mtoto aliyekataa kuingia darasani, akasema huyu ni wangu. Hakumwomba cheti. Naye hakumwambia kwamba shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipoanguka na kubaki wa kitandani.

Kusoma alijua. Lakini alisoma kama asomavyo mtu aliyejikokota mwenyewe, neno kwa neno, midomo ikitembea na pumzi ndogo ikitoka. Akiifunga midomo, maneno nayo yalisimama. Aliwaona watu wakisoma gazeti barazani, uso umetulia kama maji ya mtungini, akawaonea wivu. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa Mwalimu Miwani alikuwa na utaratibu wake, na kila asubuhi aliukumbusha kama dua. Kwanza anasoma mkubwa. Kisha mkubwa na mtoto wanasoma pamoja. Kisha mtoto anasoma peke yake, na mkubwa ananyamaza, anafuata kwa macho tu. Mimi, sisi, wewe, ndivyo walivyouita. Ilipofika zamu ya "wewe," Dada alinyamaza kabisa, kama alivyoagizwa. Ila midomo yake haikupata habari hiyo.

Mtoto mwenyewe watoto wenzake walimbandika jina Kobe, kwa sababu mwalimu akimwita asome alivuta shingo ndani ya sweta mpaka yakabaki macho. Aliletwa chumbani akiwa hajui hata herufi za jina lake. Mama yake, mfua nguo za watu, mikono imebabuka kwa sabuni, alisema mlangoni kwamba hana la kusema, wamtazame tu, ndiye aliyebaki. Na Kobe akakaa, akaegemea bega la Dada, na baada ya muda akaanza kusoma. Polepole, kisha haraka, kisha vizuri kuliko wote. Mwalimu Miwani alikuwa akivua miwani na kuifuta, akivaa na kuvua, hajui aifanyie nini furaha ile.

Na furaha ile haikuwa ya kuchezea. Chumba kilikuwa na viti vichache na nje kulikuwa na foleni. Aliyefuzu alirudi darasani, kiti chake kikapewa mwingine, na mlango wa kurudi haukuwepo. Darasani kwenyewe watoto walibanana watano kwenye dawati la watatu, na mwalimu wa darasa la tatu alifundisha kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Asiyejua kusoma hapo alikuwa sawa na asiyekuwepo. Kobe alikuwa karibu kutangazwa amefuzu.

Kwa hiyo siku ile ya mtandio Dada alirudi nyumbani na maneno mawili, toa kitambaa, yakimzunguka kichwani kama nzi. Kesho yake akajaribu. Akauma midomo kwa meno, akaishika hivyo. Kobe akanyamaza. Akaiachia, Kobe akasoma. Akageuka kutazama dirishani kama mtu aliyeitwa, Kobe akaacha neno nusu. Akamwonyesha neno moja, neno dogo kabisa, akamwuliza kwa upole hili ni neno gani. Mtoto akamtazama usoni akingoja. Alipoona hapati kitu, machozi yakaanza kumlengalenga.

Hapo Dada akaelewa. Mtoto hakuwa akidanganya. Mtoto alidhani ndivyo watu wote wasomavyo: unamtazama mtu, unaegemea bega lake, neno linakuja.

Alijaribu kulitengeneza kimyakimya. Aliweka kiganja mdomoni kama mtu anayefikiri. Alikaa nyuma badala ya ubavuni. Lakini akifunga midomo, yeye mwenyewe alipotea kwenye mstari. Hakujua mtoto amefika wapi wala amekosea wapi, wakabaki wawili wamekitazama kitabu kama watu waliokitazama kisima kilichokauka. Na kila Kobe alipoanza kutetemeka kidevu, aliiachia midomo.

Akaamua kusema. Alimngoja Mwalimu Miwani baada ya kengele ya mwisho, akasimama mlangoni akikunja pindo la nguo. Mwalimu alikuwa juu ya kiti anabandika upya herufi zilizodondoka. Hakumpa nafasi. Alisema wakaguzi wa ofisi ya elimu wanakuja wiki ijayo. Alisema kuna watu huko ofisini wanaosema chumba hiki ni anasa, kwamba mwalimu mmoja kukaa na watoto wachache ni kuiba mwalimu, na wanataka kukirudisha kuwa stoo. Kisha akashuka kitini, akamshika mabega yote mawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tumwonyeshe Kobe tu, inatosha," akasema. "Na huyo mtoto si kazi yangu, mwanangu. Ni kazi yako wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama hayo. Hata mama yake, ambaye yeye Dada alimlisha na kumgeuza kitandani hadi siku ya mwisho, hakuwahi. Yakamshuka kooni yakakaa, na lile alilokuja nalo likakosa pa kupita. Akasema tu, asante mwalimu, akaenda zake. Mnasihi alikuwa barazani, akamtania kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi yeye asije akalewa sifa akaanza kuwatoza watoto kiingilio. Dada akacheka, maana Mnasihi akitania usipocheka anakufuata na maswali.

Siku ya wakaguzi chumba kilipigwa deki mara mbili. Walikuja mama mmoja wa viatu virefu na baba mmoja mwenye kikohozi, wakakalishwa kwenye viti vifupi vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, mbele ya ile meza iliyokatwa miguu. Mwalimu Mkuu alisimama karibu na mlango mikono nyuma. Mwalimu wa darasa la tatu naye aliitwa ashuhudie. Mama yake Kobe alikaa kwenye kona, amevaa gauni la kutokea, ameificha ile mikono chini ya mkoba.

Mwalimu Miwani akasema mtoto atasoma kitabu asichowahi kukiona, na akakitoa kwenye mkoba wake mbele yao wote. Dada akakaa mahali pake, ubavuni. Angeweza kukataa. Angeweza kusema jino linamuuma, akafunga mtandio. Alimtazama yule mama kwenye kona, namna alivyokuwa amesogea ukingoni mwa kiti, akafungua kitabu.

Kobe akasoma. Shingo ikatoka kwenye sweta yote. Wageni walimtazama mtoto, na hakuna hata mmoja aliyemtazama msaidizi, maana nani anamtazama msaidizi? Alisoma habari za mvua na paa linalovuja, akasoma mpaka nukta ya mwisho, na alipomaliza mama yake alikuwa anajifuta uso kwa mkono mtupu. Watu wakapiga makofi. Baba mwenye kikohozi akasema chumba hiki kisiguswe.

Jumatatu iliyofuata Kobe alirudi darasani, na kwenye kiti chake akaketi mtoto mwingine aliyekuwa akinyonya ukosi wa shati.

Wiki ya kwanza darasani haikuwa na kelele. Wiki ya pili mwalimu wa darasa la tatu alimsimamisha Kobe asome ubaoni. Kobe akasimama, akavuta shingo ndani ya sweta, akanyamaza. Mwalimu akangoja, kisha akamwambia asimzungushe. Alisema kwa macho yake alimwona akisoma kama maji yanayoteremka.

"Mbele ya wakubwa wewe kasuku," akasema, "kwangu umekuwa jiwe. Mimi ndiye usiyeniona mtu?"

Darasa likacheka. Tangu hapo ikawa desturi. Kila siku aliinuliwa, kila siku alinyamaza, na kila siku alisimama nyuma ya darasa, uso ukutani, mpaka kengele. Zamani, alipojulikana kuwa hajui, angalau walimhurumia. Sasa alijulikana kuwa anajua, na asiyefanya anachokijua ana jina moja tu, jeuri. Watoto waligundua mchezo mpya: walimfuata uwanjani na kitabu wakimshikia puani, wakisema soma, Kobe, soma kama siku ya wageni.

Alipelekwa kwa Mnasihi. Mnasihi alikaa naye, akamtania, akamchorea, akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, basi amwambie tu linalomkera. Mtoto hakuwa na la kumwambia. Aliulizwa nani kamuudhi nyumbani, nani kamuudhi shuleni, kwa nini hataki kusoma. Hili la mwisho alilijibu. Alisema anataka. Mnasihi akamwambia Mwalimu Miwani kwamba hapo pana fundo la moyoni, litafunguka kwa wakati wake. Mama akaitwa, akaambiwa mwanawe akili anazo, ila amegoma. Mama aliyemwona kwa macho yake siku ya makofi alifanya aliloliweza. Kesho yake Kobe alikuja shule hawezi kukalia upande mmoja.

Dada aliyaona haya yote, au aliyasikia. Kila asubuhi alijiambia leo. Lakini kila siku iliyopita iliongeza uzito juu ya ile ya jana. Kulisema sasa kulikuwa kumwambia Mwalimu Miwani kwamba makofi yalikuwa ya bure, na kumwambia mama kwamba alimpiga mtoto asiye na kosa. Na yeye je, angerudi kwenye ufagio? Ufagio asingeona vibaya. Aliona vibaya lile swali ambalo lingefuata, la kwamba kwa nini midomo yako inatembea.

Siku moja wakati wa mapumziko Kobe alikuja mlangoni pa chumba. Hakuingia. Alisimama na vidole vyake vimeshika fremu, akimtazama yule mtoto wa kunyonya ukosi alivyoegemea bega la Dada. Utaratibu wa chumba ulikuwa kwamba aliyefuzu haruhusiwi kuzoea kurudi, asije akalemaa. Mwalimu Miwani alikuwepo, akainua macho.

"Umeshafuzu, mdogo wangu," Dada akamwambia mtoto. "Rudi darasani."

Akarudi. Hakuaga.

Siku mbili tatu baadaye vitabu vya kusoma vya darasa la tatu, vile vichache ambavyo watoto walitumia watano kwa kimoja, havikuonekana kabatini. Vilitafutwa kutwa. Mlinzi ndiye aliyeviona, alipokwenda kumwaga dawa chooni: vilikuwa chini shimoni, vimefunguka, kurasa zimelowa. Kobe hakukimbia wala hakukana. Alikutwa amekaa nyuma ya choo, sweta limechafuka, ameinamia magoti. Alipoulizwa kwa nini, alisema ili na wengine wasisome.

Ndipo kikafanyika kikao ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Viti havikutosha. Mwalimu wa darasa la tatu alikaa, Mwalimu Miwani akakaa, Mnasihi akaegemea kabati na safari hii hakuwa na utani. Kobe alisimama katikati anatazama sakafu. Mama yake alikuja na fuko la nguo za mtoto, limefungwa tayari. Alisema amechoka. Alisema amezungumza na shangazi yake mtoto, upande wa baba, kule mbali, wana watoto wadogo wanaohitaji mlezi na mifugo inayohitaji mtu. Hapana shule karibu. Hakulia alipokuwa akisema, na hilo ndilo lililowatisha.

"Angekuwa mjinga ningevumilia," akasema. "Mjinga ni wa Mungu. Lakini huyu akili anazo, nilimsikia mwenyewe. Ni jeuri, na jeuri dawa yake kazi."

Mwalimu wa darasa la tatu akasema hana la kuongeza. Mwalimu Miwani alimwomba mama asikate shauri siku ile, akasema mtoto anasoma, tena vizuri, na mtoto kama huyo kumtoa shule ni dhambi. Akasema hivyo kwa nia njema, na kila neno likawa msumari. Maana kadiri alivyothibitisha kwamba mtoto anajua, ndivyo mkono wa mama ulivyozidi kukaza kwenye fundo la lile fuko.

Mwalimu Mkuu akageuka kwa Dada, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango kama kawaida yake. Akasema wewe ndiye uliyekaa naye siku zote. Anachotaka kujua ni kimoja tu, kisha amwache mama aende: huyu mtoto hataki, au hawezi?

Dada alisogea kutoka nyuma ya mlango. Alimtazama Mwalimu Miwani, na Mwalimu Miwani akamwinamishia kichwa kidogo kumtia moyo, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Akamtazama Kobe. Mtoto hakuinua macho, hakuwa akingoja kitu kwa mtu yeyote tena. Mama akasimama, akatundika fuko begani, akamshika mtoto mkono.

Dada akasema hawezi. Sauti ilitoka ndogo, wakamwambia arudie. Akarudia. Akasema mtoto hajui kusoma hata neno moja, hakuwahi kujua, siku ya wakaguzi hakujua, na kile kipigo alipigwa bila kosa.

 Mama alikuwa amesimama vilevile, nusu ametoka. Mnasihi akajiondoa kwenye kabati. Mwalimu Miwani akavua miwani, safari hii hakuifuta. Mwalimu wa darasa la tatu akacheka kicheko kifupi cha hasira, akauliza basi siku ile, mbele ya macho yao wote, aliyekuwa akisoma alikuwa nani.

"Mimi," Dada akasema. "Alikuwa ananitazama midomo. Niliishia darasa la tano, na nikifunga mdomo, na mimi sijui kusoma."